Puli Kubwa ya Mjomba Otmari

Kwako Mjomba Otmari, ulikokwenda bila kipaza sauti,

Sauti niliyobaki nayo si yako. Ni ile ya amplifaya kujizima katikati ya maneno yako: tk. Kavu na ndogo, kama kijiti cha kiberiti kinachovunjika ndani ya kopo. Ulikuwa unasema, "Wananchi wa Malolo, mnatangaziwa kwamba kesho asubuhi," halafu tk, na spika zote nne juu ya paa la gari zinanyamaza kwa pamoja. Unabaki umesimama nyuma ya pikapu, maiki mkononi, mdomo wazi, na watu wa Malolo wanakutazama wakingoja kujua kesho asubuhi kuna nini.

Mlio huo nausikia hata leo nikiwa darasani, nikiwafundisha wanafunzi wangu fizikia hapa Ruangwa. Mtoto akibonyeza kalamu yake, nageuka. Hawajui nageukia nini.

Niliujua vizuri kwa sababu kazi yangu ilikuwa kuuzuia. Gari lako la matangazo lilikuwa na tabia moja. Likiwa linakwenda, lilikuwa zima kabisa: taa kali, spika zinapasua anga. Likisimama, injini ikinguruma polepole bila mtu kukanyaga mafuta, ile hali ambayo mafundi wanaiita sailensi, umeme ulipungua. Taa za mbele zilipauka zikawa na rangi ya chai ya maziwa, na amplifaya ikiona umeme hautoshi ilijizima kujilinda. Na wewe ulipenda kutangaza gari likiwa limesimama. Ulisema habari ya mtu haisemwi ukiwa unamkimbia.

Kwa hiyo kila likizo uliniweka kwenye kiti cha dereva, mto chini yangu ili nifike, mguu wangu wa kulia juu ya mafuta.

"Kanyaga, mama," ulikuwa unasema. Uliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yako, Sofia, na wengine walipokucheka kwamba unamwita mtoto mama, uliwajibu, "Huyu ndiye anayenilisha. Akiondoa mguu tu, nimekufa njaa."

Nilikanyaga Mbekenyera, nikakanyaga Malolo, nikakanyaga vijijini kote tulikopita kutangaza minada ya korosho, chanjo za kuku, mechi, misiba na arusi. Nilijifunza kukusikiliza kwa mguu. Ulipovuta pumzi nilipunguza, ulipofika kwenye jina la mtu niliongeza, maana jina la mtu halikatwi. Nadhani hakuna aliyewahi kukusikiliza kama mimi, na hakuna aliyeniona nikikusikiliza. Watu waliiona mikono yako na kofia yako. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya kioo chenye vumbi, mguu unakufa ganzi.

Unakumbuka siku ya Zuhura? Mimi nilikuwa kwenye mtihani, ukaenda Malolo peke yako. Ulitangaza, "Familia ya mzee Chilumba inawatangazia ndugu, jamaa na marafiki kwamba binti yao mpendwa, Zuhura," na tk. Hukufanikiwa kuiwasha tena. Ukaondoka ukidhani watu watauliza. Watu hawakuuliza. Alasiri wanawake walifika kwa mzee Chilumba kanga kiunoni, na unga, na kuni kichwani, wakianza kulia tangu njia panda, wakamkuta Zuhura amekaa kwenye mkeka anapakwa hina.

"Sasa unga mmeshauleta," aliwaambia, "uwekeni jikoni. Arusi ni Jumamosi, mtalia siku hiyo nikiondoka."

Tangu siku ile Malolo walikuita Mzee Nusu. Ukishusha maiki tu, mtu anadakia kutoka barazani, "Mzee, nusu nyingine utaileta lini?" Ulicheka nao. Lakini mimi nilikuwa nakuona kwenye kioo cha pembeni, Mjomba. Ulikuwa unacheka ukiwa umegeuza uso.

Niliwahi kukuomba maiki. Nilikuwa kidato cha pili. Ulinitazama kama nimekuomba meno yako.

"Sauti ya kike kwenye spika hizi inatoka kama filimbi," ulisema. "Watu watatoka kutafuta mpira uko wapi. Wewe kanyaga, mama."

Nikakanyaga. Lakini neno hilo sikulimeza. Nimekaa nalo miaka yote, chuoni na baada ya chuo, na leo nakuandikia likiwa bado mdomoni.

Umeondoka, na mambo yamekwenda hivi.

Baada ya misa ya kumaliza msiba, wazee walikaa kwenye mikeka nyumbani kwa mama, dada yako, kule Mnero. Hukuacha mtoto, na hata ungemwacha, kwetu mambo ya mjomba huenda kwa wapwa. Jina lako alipewa kaka Fidelis. Sasa wazee wanamwita Otmari na yeye anaitika, na mimi kila mara moyo unaruka kabla sijakumbuka. Jina likabeba na gari. Hilo nalo sikulibishia. Nilibisha alipotamka anachotaka kulifanyia.

"Gari lina spika nne na halina sauti," alisema. "Mwenye mashine ya kusaga wa Mbekenyera anaitaka injini. Bodi watachukua watu wa skrepa. Atakuja na spana zake, anafungua hapa hapa uani."

"Haliuzwi," nikasema.

Babu Anselm, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, akanigeukia taratibu. "Mjukuu wangu, nani amekuuliza?"

"Hakuna, babu. Ndiyo maana nimesema mwenyewe."

Wakacheka, lakini mama hakucheka. Fidelis unamfahamu, hakasiriki, anapanga. Anauza vifaa vya ujenzi, amezoea wateja wabishi.

"Mwalimu," akaniambia, "wewe unapenda kutoa mitihani, leo ufanye wako. Siku mwenye mashine akija, gari lisimame pale uani. Injini iwe sailensi, mguu wa mtu usiwe kwenye mafuta, spika zote nne ziwe wazi. Liseme sentensi moja nzima. Likimaliza, lichukue, mimi nibaki na jina. Likikata, tunafungua boneti."

"Mbele ya wazee?"

"Mbele ya wazee."

"Sentensi fupi au ndefu?" Babu Anselm akauliza, maana anapenda mambo yakae sawa.

"Ndefu kama za marehemu," Fidelis akajibu, na uani kote wakacheka, kwa sababu hakuna aliyewahi kuzisikia zinaishia wapi.

Nilicheka pia. Baadaye nilikwenda nyuma ya jiko nikasimama peke yangu. Nilikuwa nimegundua kwamba wanacheka jambo ambalo mimi niliishi ndani yake, na kwamba kama gari lile lingefunguliwa, lingefunguliwa watu wakiamini kwamba ndivyo lilivyo. Kwamba na wewe ndivyo ulivyokuwa. Nusu. Sikukubali.

Nikalipeleka Nachingwea kwa Fundi Bakari, aliyekutengenezea tangu zamani. Alikuwa chini ya lori, akaniona miguu tu, akasema, "Betri."

"Betri ni mpya, fundi."

"Ndizo zinazoharibika."

Tukapima. Betri ilikuwa nzima. Tukaishusha alteneta, ile inayozalisha umeme injini ikizunguka, tukaifungua mezani. Brashi zake zilikuwa nzuri, waya zake nzuri. Tukairudisha. Nilikuwa na mita yangu ndogo. Kwenye sailensi, spika zikiwa wazi, ilisoma volti kumi na moja na kitu, wakati ilipaswa kupita kumi na tatu. Nikalala chini ya injini nikaukuta waya wa ethi, unaounganisha injini na bodi, umefungwa juu ya rangi. Wakati ulipotoa injini ya petroli ukaweka hii ya dizeli, mtu alipaka rangi kwanza ndipo akafunga waya. Nikakwangua mpaka chuma kikang'aa, nikafunga upya. Volti zikapanda kidogo tu, kama mtoto anayejirefusha kwa kunyanyua visigino. Amplifaya ikasema maneno manne. Tk.

"Toa spika mbili," Fundi Bakari akashauri. "Zinakula sana."

"Mjomba alikuwa nazo nne."

"Mjomba wako alikuwa na mguu wako."

Akajaribu kuipandisha sailensi, injini izunguke kwa kasi zaidi hata bila kukanyagwa. Umeme ukaja, ndiyo. Lakini gari lilitetemeka mpaka vioo vikagonga, moshi ukajaa uani, na ngurumo ikaifunika sauti ya spika. Hapo mtu angesikia kila kitu isipokuwa tangazo. Nikamwambia airudishe kama ilivyokuwa.

Nilikaa kwenye kiti cha dereva, kiti changu, bila mto safari hii. Nikakanyaga mafuta kidogo, kama zamani. Mita ikapanda palepale ikatulia mahali pake. Nikaondoa mguu, ikashuka. Nikakanyaga, ikapanda. Nilifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kwa sababu mguu ulikuwa unakumbuka. Halafu nikajiuliza swali ambalo ningemwuliza mwanafunzi: mguu huu unabadilisha nini? Hauongezi betri. Haurekebishi waya. Unaongeza mzunguko tu. Basi alteneta si mbovu. Haizungushwi vya kutosha.

Nikaizima injini. Nikachora mstari wa chaki kwenye puli ya injini na mwingine kwenye puli ya alteneta, yale magurudumu mawili yanayoshikwa na mkanda mmoja. Nikaizungusha injini kwa spana, kwa mkono, mzunguko mmoja kamili. Mstari wa alteneta ukazunguka mara moja na kitu kidogo cha kuchekesha: mzunguko wa pili haukufika hata robo. Uani kulikuwa na pikapu ya mteja mwingine. Nikaomba ruhusa, nikafanya vilevile. Yake ilizunguka mara mbili na nusu. Puli yake ilikuwa ndogo kama mdomo wa kikombe. Yako ilikuwa kama kisosi.

Nikaikumbuka, Mjomba. Nikakumbuka siku uliyokuja nayo, umeifunga kwenye gazeti kama nyama. Kabla ya matangazo ulikuwa mwendesha mashine ya kusaga hapo Mnero, na kule ulijifunza kwamba mashine ikielemewa na mahindi, unaibadilishia puli unaiwekea kubwa, nayo inazunguka taratibu, haichoki, wala haiikabi injini. Ulijivunia ujuzi huo. Injini ya dizeli ilipokuja na mkanda mpana usiokaa kwenye puli ya alteneta ya zamani, ukaenda na puli kuukuu ya mashine ya kusaga kwa mkerezaji wa vyuma, akakukerezea. Ukatuonyesha uani. "Hii haitachoka hata mimi nikichoka," ulisema. Ulisema kweli. Haikuchoka, kwa sababu haikuwa ikifanya kazi. Unga unapenda kusagwa taratibu. Umeme hauji kwa kitu kinachozunguka taratibu.

"Otmari alikuja nayo mwenyewe mkononi," Fundi Bakari alinieleza. "Akasema funga, nikafunga."

"Hukumwambia kitu?"

"Nilimwambia imekuwa nene. Akasema nene ndiyo nzuri. Wewe ungembishia Otmari?"

"Ndiyo."

"Basi ungembishia wakati ule."

"Wakati ule nilikuwa ndani, nakanyaga mafuta."

Akaanza kufuta spana ambayo haikuwa na mafuta.

Nataka ujue kwamba nilikasirika. Sikulia, ingawa ingekuwa rahisi zaidi. Nilifikiria likizo zote zile, mguu wangu, tumbo langu likitetemeka na injini, Zuhura na unga wa msiba, Malolo wakikudakia maneno, uso wako ulioelekea pembeni. Vyote hivyo kwa ajili ya chuma kilichokuwa kikubwa mno kwa upana wa vidole vyangu vichache. Na ulikuwa na mpwa anayefaulu hesabu ndani ya gari. Hukumwambia ashuke atazame.

Nilipomweleza mama, aliacha kupepeta ufuta, akafikiri, kisha akanipa zawadi. Alisema, "Labda alijua. Labda aliiacha makusudi ili uwe unakaa naye."

Unaona jinsi dada yako anavyokupenda. Na unaona jinsi ilivyo tamu, hata mimi niliishika mkononi kwa muda. Lakini nimeikataa, Mjomba, na nakwambia wewe mwenyewe usije ukaisikia kwa wengine. Hukujua. Ulikosea, na ulikuwa mbishi, na ukaona afadhali mtoto akanyage kuliko mtu akuambie puli ni nene. Nakupenda ukiwa umekosea. Sihitaji kukutengenezea busara ambayo hukuwa nayo ndipo nikulilie. Kweli ni kwamba kosa lako lilinipa kiti kile, na bila kiti kile nisingekujua. Kosa linaweza kumpa mtu kitu kizuri na bado likabaki kosa. Nimeshindwa kuwaeleza watu hilo. Wewe nadhani utanielewa, ulikuwa na muda mwingi wa kusimama ukiwa umekatwa maneno.

Mkerezaji bado yupo palepale, amezeeka. Akanikerezea ndogo, yenye njia pana ya kutosha mkanda wa dizeli. Tukanunua mkanda mfupi zaidi, maana ule wa zamani ulilegea kama kamba ya nguo. Fundi Bakari alikaza boliti ya mwisho, akawasha, akaiacha injini ingurume yenyewe. Tulitazama mita kama watu wanaotazama uji usifurike. Kumi na tatu na nusu, spika zikiwa wazi. Akafungua taa za mbele. Zilikuwa nyeupe. Sikuwahi kuziona nyeupe gari likiwa limesimama.

"Mzee angenuna wiki nzima," akasema.

"Angenuna, halafu angesema ni wazo lake."

Siku ya mwenye mashine ilifika. Alikuja na spana zake kwenye mfuko wa saruji, mtu mpole, akasalimia kila mzee kwa zamu. Babu Anselm alikuwa ameshakaa. Fidelis alilegeza boneti kabisa, ili asipoteze muda. Nikawasha injini, nikashuka, nikauacha mlango wazi wote waone hakuna mguu. Nikapanda nyuma ya pikapu, mahali pako. Maiki yako bado ina ule utepe wa bluu ulioufunga shingoni mwake.

Nilikuwa nimeandaa maneno mengine, ya adabu. Yalipotoka hayakuwa yale.

"Familia ya marehemu Otmari," nikasema, "inawatangazia ndugu, jamaa na marafiki, na wote waliokuwa wakimsikiliza Malolo, Mbekenyera na njiani kote, kwamba gari lake la matangazo lipo, ni zima, haliuzwi injini wala bodi, na kuanzia sasa kila Jumamosi litapita kama kawaida na kusema kila jambo mpaka mwisho wake, na anayetangaza ni mimi, Sofia, mpwa wake."

Nikangoja. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umejikaza wenyewe kwenye bodi la pikapu, unakanyaga kitu ambacho hakipo. Hakuna kilichokatika. Injini iliendelea kunguruma taratibu, na kutoka mbali, ng'ambo ya barabara, mwanamke nisiyemwona akaitikia, "Tumesikia."

Babu Anselm akatikisa kichwa. "Hiyo ni ndefu," akasema.

Fidelis alitembea mpaka kwenye boneti akaifunga, polepole, kwa mikono miwili. "Kweli sauti yako ni filimbi," akaniambia.

"Ni filimbi. Imefika?"

"Imefika."

Mwenye mashine alibaki na mfuko wake wa spana. Nilimwonea huruma, ametoka mbali bure. Ndipo akaiona puli yako, mama alikuwa ameiosha na kuiweka kwenye ngazi ya mlango. Mama alitaka tuihifadhi kabatini pamoja na kofia yako na rozari yako. Mtu yule akaiinua, akaigeuza, akapima uzito wake kwa kiganja.

"Hii ingenifaa," akasema. "Mashine yangu inaelemewa."

Mama alinitazama. Nilijua anachoniomba.

Nilimpa. Nilimpa bure, mbele ya mama, na mama hakusema nami mpaka jioni. Siwezi kuliweka kosa lako kabatini pamoja na rozari, Mjomba. Kofia nimeibakiza. Maiki ninayo mkononi.

Jumamosi iliyopita nilipita Mbekenyera na tangazo la chanjo ya kuku. Nilisimama mbele ya mashine yake, injini ikiwa sailensi, nikatangaza mpaka siku, mahali na jina la mtu wa kumwona. Mlango wa mashine ulikuwa wazi na foleni ya wanawake na ndoo zao ilikuwa ndefu. Ndani, kwenye vumbi la unga, puli yako ilikuwa inazunguka taratibu, haichoki.

Lala, Mjomba. Mguu nimeshauondoa.

Mpwa wako, yule uliyemwita mama.